Nauli si deni: barua ya wazi kwa Baraza la Sanaa la Taifa na redio za Nyanda za Juu Kusini

Kwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa. Kwa Maofisa Utamaduni wa mikoa ya Mbeya, Songwe, Rukwa, Iringa na Njombe. Na kwa mameneja wa vipindi wa redio zinazosikika katika mikoa hiyo.

Waheshimiwa,

Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya kata pembezoni mwa Jiji la Mbeya, na huu ni mwaka wangu wa ishirini na tatu nikiwa na chaki mkononi. Nawaandikia kuhusu mashairi ya bongofleva yanayosikika tangu alfajiri hadi usiku redioni, kwenye daladala, kwenye saluni na kwenye vijiwe vya bodaboda, na hasa kuhusu namna yanavyomchora mwanamke na yanavyomweleza kijana wa kiume nini maana ya kuwa mwanaume. Siombi wimbo wowote ufungiwe, wala sina ugomvi na msanii yeyote. Naandika kwa sababu ninyi mmepewa dhamana ya kulinda mlango, na kwa muda mrefu nimeona kwamba mnachokikagua pale mlangoni sicho kinachotuumiza huku ndani.

Kila aliyesoma Kiswahili sekondari hapa nchini analikumbuka swali la nafasi ya mwanamke. Linakuja katika riwaya, linakuja katika tamthiliya, linakuja katika ushairi, na majibu yake tunayajua kwa moyo: mwanamke amechorwa kama mama mlezi, kama mvumilivu, kama jasiri, kama mwanamapinduzi, na karibu kila mara, kama chombo cha starehe. Mwaka jana, katika muhula wa pili, niliamua kulitoa swali hilo kwenye vitabu vya kiada na kulipeleka kwenye nyimbo. Niliwaambia wanafunzi wangu wa kidato cha nne, ambao hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, kwamba kila mmoja aandike kutoka kichwani ubeti mmoja wa wimbo wa siku hizi unaomtaja mwanamke au mwanaume. Walikuwa arobaini na sita. Ushairi wa kitabuni huwa nawasihi wiki nzima waukariri beti mbili, lakini siku hiyo hakuna hata mmoja aliyekosa cha kuandika, na wengine waliomba karatasi ya pili.

Niligawa ubao sehemu mbili kwa mstari mrefu. Upande wa kushoto tuliandika majina yote ambayo beti zao zilimwita mwanamke: pisi, pisi kali, toto, mzigo, chombo, kifaa, mali safi, mashine. Upande wa kulia tuliandika yale ambayo mwanaume aliitwa au alijiita: bosi, mshua, tajiri, mkali, kidume, mwamba, mwenye mji. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida haongei mpaka aulizwe, alisimama akasema, "Mwalimu, mbona mwanamke anapewa majina ya vitu na mwanaume anapewa majina ya vyeo?" Darasa lilinyamaza. Halafu kijana mmoja wa dirishani, mtoto wa mkulima wa viazi wa huko Isongole, akauliza kwa sauti ya chini, "Na sisi tusio na cheo?" Tukatafuta tena katika zile karatasi. Mwanaume asiye na fedha alikuwemo, tena mara nyingi, na majina yake yalikuwa kapuku, lofa, choka mbaya, bwege. Kati ya bosi na kapuku hatukupata jina lingine. Hapakuwa na fundi, wala mkulima, wala baba anayemsubiri mtoto wake getini.

Ningeweza kuishia hapo na kuandika makala ya kitaaluma, lakini majuma mawili baadaye nilikutana na somo hilohilo barabarani, na ndilo lililonifanya niandike barua hii.

Ilikuwa Jumamosi jioni, njia panda ya Uyole, pale barabara ya Tukuyu inapoachana na barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Nilikuwa nasubiri Coaster. Pembeni ya kijiwe cha bodaboda kulikuwa na kundi la watu, na katikati yao binti wa miaka kama kumi na tisa, kilemba kimefunguka, shavu moja limevimba, analia bila sauti. Aliyempiga nilimfundisha mwenyewe. Alimaliza kidato cha nne miaka mitatu iliyopita na sasa anaendesha bodaboda. Hakuwa mtoro, hakuwa mkorofi, na insha zake zilikuwa nzuri. Aliponiona alisema, "Shikamoo mwalimu," akiwa bado ameushika mkoba wa yule binti. Kisha akanieleza, kwa adabu kabisa, kama mtu anayewasilisha madai yake kwa mjumbe wa nyumba kumi, kwamba alikuwa amemtumia shilingi elfu ishirini, yaani nauli, ya kutolea na ya kusuka nywele. Kwamba binti alikuja kweli, wakala chipsi, na sasa anataka kupanda gari arudi kwao kabla giza halijaingia. "Amekula hela yangu, mwalimu. Hawezi kuondoka hivihivi."

Waliosimama pale walikuwa upande wake. Mmoja alisema mabinti wa siku hizi wamezidi kula nauli za watu. Mwingine alikamilisha maneno hayo kwa kiitikio cha wimbo uliokuwa unavuma msimu huo, na watu watatu au wanne wakaitikia, kwa sababu kila mtu aliujua. Mama mmoja muuza ndizi ndiye pekee aliyesema, "Mwacheni mtoto wa watu." Nilitoa noti mbili za elfu kumi nikampa kijana, akaachia mkoba, binti akapanda gari la Tukuyu. Nilirudi nyumbani nikijiona nimefanya jambo jema, mpaka mke wangu aliponiuliza swali moja: kwa nini nililipa? Sijapata amani na swali hilo hadi leo. Kwa kulipa, nilikubali mbele ya watu wote kwamba lilikuwepo deni, na kwamba binti yule aliachiliwa kwa sababu amekombolewa, si kwa sababu ni binadamu anayeweza kuja na kuondoka.

Sisemi kwamba wimbo ndio ulioinua mkono ule. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015–2016 ulionyesha kwamba wanawake wanne kati ya kumi wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15, na kwamba asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume waliona yapo mambo yanayompa mume haki ya kumpiga mkewe. Tazameni vizuri takwimu hiyo ya mwisho: walioona kipigo ni haki walikuwa wengi zaidi miongoni mwa wanawake wenyewe. Jambo hili lina mizizi mirefu kuliko studio yoyote. Ninachosema ni kwamba kijana yule alipotafuta maneno ya kujieleza, hakuyatafuta mbali. Aliyakuta yametungwa tayari, yana vina, yana mdundo, na yalikuwa yamepita mlangoni kwenu bila swali, kwa sababu hayana tusi hata moja.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Baraza lenu liliundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984, na kazi zake ni kufufua, kukuza na kuendeleza sanaa. Wananchi wa kawaida, hata hivyo, wanalijua zaidi kwa kufungia. Mwaka 2015 mwimbaji mmoja wa kike alifungiwa mwaka mzima kwa sababu ya namna alivyoonekana jukwaani nje ya nchi. Mwaka 2016 mwingine alizuiwa kwa sababu ya video ya wanawake wanaokata viuno. Mapema mwaka 2018 nyimbo zaidi ya kumi zilizuiwa kurushwa hewani, na Desemba mwaka huohuo wasanii wawili wakubwa walisimamishwa kwa kuimba jukwaani wimbo uliokwisha kufungiwa, wakafunguliwa Januari 2019 baada ya kuomba radhi; mmoja wao ni kijana wetu wa hapa Mbeya. Sibishi kwamba baadhi ya nyimbo hizo zilikuwa na maneno ambayo nisingependa mwanangu ayaimbe mezani. Lakini nikizitazama hatua hizo pamoja naona sikio linalotafuta kitu kimoja tu, nacho ni mwili: kiuno kilichoonekana, kiungo kilichotajwa, fumbo la kitandani lililofumbuliwa. Wimbo unaosema kwamba mwanamke akikubali zawadi amekwisha kujiuza, au kwamba akisema hapana anaringa tu na dawa yake ni kung'ang'ania, huo ni msafi katika sikio hilo. Unapigwa saa nne asubuhi, baada ya matangazo ya mbolea.

Historia ya muziki wetu ina ushahidi wa kutosha kwamba sikio la namna hiyo hukosea pande zote mbili. Remmy Ongala, UKIMWI ulipokuwa unaanza kumaliza watu, aliimba akiwahimiza wanaume watumie kinga. Ulikuwa wimbo wa kumtaka mwanaume awajibike kwa mwili wake na kwa mwili wa mwenzake, na Radio Tanzania haikuupiga, kwa sababu kitu alichokitaja kilionekana ni aibu kutajwa. Naikumbuka habari hiyo kila ninaposoma takwimu za huku kwetu. Katika utafiti wa taifa wa mwaka 2022–2023 kiwango cha maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa watu wazima nchini kilikuwa asilimia 4.4; Njombe kilikuwa asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Sisi ndio tunaoongoza nchi nzima. Katika mikoa hii, wimbo unaompima kidume kwa idadi ya wanawake aliowapitia si burudani tupu. Ukisikilizwa na vijana wa Makambako au Tunduma, ambako malori yanalala na fedha zinabadilisha mikono usiku, una maana nzito kuliko tusi lolote ambalo mtangazaji angeweza kuliziba kwa mlio.

Na kabla ya Remmy alikuwepo Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili. Mmoja wa nyimbo zake unasimulia kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa na mwanaume huko Unguja: muuaji akatoroka, na waliotiwa hatiani wakawa wanawake wenyeji wa marehemu. Nimewasomea wanafunzi wangu kisa hicho, na wanashangaa kwamba karibu miaka mia moja iliyopita mwanamke wa Kiswahili aliweza kuisimamisha mahakama mbele ya hadhira na kuiuliza imehukumu kwa haki gani. Wao walidhani mwanamke kuimba akidai haki ni jambo lililokuja na semina za mashirika.

Nisieleweke kwamba nyimbo za zamani zote zilikuwa safi. Nyimbo za dansi za ujana wa wazazi wetu zilijaa mwanamke wa mjini mwenye tamaa, anayemwacha mwanaume mwema kwa ajili ya mwenye gari. Tofauti ninayoisikia mimi ni kwamba umaskini wa mwanaume katika nyimbo zile uliimbwa kama huzuni, na mara nyingi mwimbaji aligeuka kuomba ushauri kwa ndugu, kwa wazazi, kwa jirani. Mapenzi yalikuwa jambo lenye watu wengine ndani yake. Kisha, baada ya sheria ya mwaka 1993 kufungua milango kwa redio binafsi, ikaja sauti ya vijana wa rap, na mwanaume wao alikuwa wa aina nyingine kabisa. Alikuwa shahidi. Alizungumza juu ya ajira, rushwa, hospitali zisizo na dawa na viongozi wanaosahau. Ninaifahamu sauti hiyo kwa sababu ndiyo iliyonilea katika ujana wangu, na iliheshimiwa kiasi kwamba mmoja wa waanzilishi wake, Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, alikuwa mbunge wetu wa Mbeya Mjini tangu 2010 hadi 2020, Joseph Haule, yaani Profesa Jay, akawa mbunge wa Mikumi mwaka 2015, na mwaka 2023 Hamis Mwinjuma, yaani Mwana FA, akateuliwa kuwa Naibu Waziri katika wizara inayosimamia sanaa. Muziki uliotoa wabunge na naibu waziri hauwezi tena kutetewa kwa kusema ni mambo ya watoto. Lakini ni haki pia kusema kwamba hata yule mwanaume shahidi, alipomtaja msichana, mara nyingi alimtaja kama mtego.

Wanawake walioingia katika muziki huo waliingia katika nyumba ambayo vyumba vilikwisha kugawanywa. Judith Wambura, Lady Jaydee, alisimama tangu mwanzo kama mtu mwenye kazi yake na mawazo yake, na mabinti wengi wa umri wangu walijifunza kwake kwamba inawezekana. Rehema Chalamila, Ray C, binti wa Iringa, alikuwa na sauti ambayo ukiisikia mara moja huwezi kuisahau, lakini magazeti yalimpachika jina la "kiuno bila mfupa", na jina hilo likatembea mbele ya sauti yake kila alikokwenda. Mtu mzima, mwenye kipaji, akaitwa kwa kiungo. Sikumbuki mwimbaji wa kiume wa wakati ule aliyeitwa kwa bega lake.

Siku hizi wapo waimbaji wa kike wanaojibu mapigo, na wanafunzi wangu wa kike wanawapenda sana. Nimezisikiliza nyimbo hizo kwa makini na nina maoni mawili yanayopingana. Nafurahi kwamba binti anasikia mwanamke mwenzake akisema anachotaka bila kuomba radhi. Lakini nyingi ya nyimbo hizo zinajibu kwa sarafu ileile: huna hela, usinisogelee, nimekuchuna, nimekuacha. Bei imekubaliwa, kinachobishaniwa ni kiasi. Siwalaumu waimbaji wenyewe, kwa sababu mtu hupima kwa mizani iliyopo sokoni. Nasema tu kwamba binti wa Tukuyu hakuokolewa na wimbo wa kudanga, yaani wa kuwachuna wanaume fedha, kwa kuwa wimbo wa kudanga na wimbo wa kula nauli vinakubaliana kwamba fedha ikishatumwa kuna kitu kimenunuliwa.

Upande wa wanaume nao umebadilika, na hapa nina furaha ambayo sitaki kuificha. Katika miaka ya karibuni wamejitokeza waimbaji wa kiume wanaokiri kwamba wameumizwa, wanaolia, wanaoomba msamaha na kusema wamekosa usingizi. Nilipokuwa kijana, mwanaume wa Kinyakyusa au wa Kihehe aliyesema hadharani kwamba analia kwa ajili ya mwanamke angechekwa mpaka kaburini. Leo nawasikia vijana wangu wakiziimba nyimbo hizo polepole wanapofagia darasa, na najua kuna kitu kinafunguka ndani yao ambacho kwetu sisi kilifungwa kwa kufuli. Kinachonisikitisha ni kwamba katika nyingi ya nyimbo hizo, ukifika ubeti wa pili, kilio kinageuka risiti: nilikununulia simu, nilikupangia chumba, nilikulipia ada, na bado umeniacha. Hata machozi yanawekewa hesabu. Mwanaume ameruhusiwa kuumia, lakini bado hajaruhusiwa kuumia bila kudai.

Kwa mameneja wa redio nina neno la pekee. Nyimbo ni sehemu tu ya mambo; sehemu nyingine ni maneno ya watangazaji kati ya wimbo na wimbo. Asubuhi moja nilisikia kipindi cha redio moja, ambayo sitaitaja, kikiwauliza wasikilizaji kama ni sawa mwanamke ale hela yako halafu akunyime. Mjadala ulidumu karibu saa nzima. Walipiga simu wanaume kumi na zaidi, na wanawake wawili, mmoja wao akakatizwa kwa kicheko kabla hajamaliza. Hakuna aliyetukana. Hakuna kanuni iliyovunjwa, kwa kadiri ninavyozielewa kanuni. Saa nne ya siku hiyohiyo nilikuta swali hilo limeandikwa ubaoni darasani kwangu, na wavulana wanapiga kura. Sitaki watangazaji wanyamazishwe. Nataka meneja wa vipindi ajue kwamba swali likiulizwa namna ile, jibu limeshatolewa, na kwamba mtangazaji anayelipwa mshahara kwa ajili ya ulimi wake anaweza kufundishwa kuuliza vizuri zaidi.

Sasa niseme ninachokiomba.

Naomba Baraza litoe mwongozo wa maadili ya mashairi ulioandikwa kwa Kiswahili chepesi, ambao kijana mwenye studio ya chumba kimoja Mwanjelwa ataweza kuusoma na kuuelewa, na ndani yake liwemo swali ambalo ninaamini halijapewa uzito unaostahili: je, wimbo huu unaonyesha nguvu au fedha kuwa haki ya kummiliki mtu? Jibu la swali hilo lisiwe kufungia. Marufuku ya mwaka 2018 nilizishuhudia darasani. Wimbo uliokuwa unajulikana na wanafunzi kumi ulijulikana na wote kufikia Ijumaa. Jibu liwe mazungumzo na mtunzi, na pale inapobidi kuchukua hatua, sababu zichapishwe kwa urefu, ili wote tujifunze, badala ya tangazo la mistari mitatu lenye maneno "kinyume na maadili" ambayo kila mtu anayatafsiri anavyotaka.

Naomba pia sikio la kusikiliza lisiwe Dar es Salaam peke yake. Maofisa Utamaduni wa mikoa yetu mitano wanaweza kuitisha, mara mbili kwa mwaka, kikao cha kusikiliza nyimbo, wakakaa pamoja watunzi, watangazaji, walimu, madereva wa bodaboda, wanafunzi waliomaliza shule, na wanawake wasiopungua nusu ya ukumbi. Viwanja vya John Mwakangale wakati wa Nane Nane vinajaa watu wa kanda nzima, na jukwaa la muziki huwa lipo tayari. Saa mbili za mazungumzo kabla ya burudani hazitamgharimu mtu chochote. Msiwaite wazee peke yao. Nimekaa katika vikao ambavyo wazee tunalaani muziki wa vijana kwa saa tatu bila kijana hata mmoja kuwepo, na sijaona kilichozaliwa humo.

Tuzo za Muziki Tanzania zilirejeshwa mwaka 2022 chini ya usimamizi wa Baraza. Huko ndiko kwenye nguvu mliyonayo ambayo haiumizi mtu. Lipeni uzito shairi lenyewe, lisomwe ukumbini kama shairi kabla halijapigiwa ala, na mtunzi wake, ambaye mara nyingi si mwimbaji, aitwe kwa jina lake. Mashairi mengi tunayoyalalamikia yangeona aibu kusomwa bila ngoma nyuma yake. Vilevile Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaokopesha wasanii uwafikie watunzi wa mikoani kwa masharti wanayoyaweza. Ninao wanafunzi wawili waliomaliza ambao wanaandika vizuri sana, mmoja kuhusu baba yake mgonjwa, mwingine kuhusu dada yake anayeuza mchele wa Kyela sokoni Mwanjelwa ili wadogo zake wasome. Walipokwenda kurekodi, waliambiwa nyimbo hizo haziuzi, waongeze pisi.

Na katika kuadhibu, kama mtaendelea kuadhibu, msiwe mnamwita mwanamke aliyecheza na kumwacha mwanaume aliyeandika, aliyelipia na aliyechagua nguo. Hili ni suala la haki tu na halihitaji maelezo marefu.

Nilimfuata yule kijana wa Uyole wiki iliyofuata. Hatukugombana. Nilimwambia kwamba nilikosea kumpa zile elfu ishirini, kwa sababu binti hakuwa na deni lake. Alinisikiliza akiwa amekalia pikipiki, akaniuliza, "Kama si deni, mwalimu, ni nini?" Nikamwambia ni zawadi, na zawadi ikishatoka mkononi huwezi kuidai tena. Alifikiri kidogo, kisha akasema hajawahi kusikia wimbo unaosema hivyo. Nilitafuta kichwani, mimi ninayefundisha ushairi, nikashindwa kumtajia hata mmoja.

Zile karatasi arobaini na sita ninazo. Nimezipanga kwa tarehe, nimefuta majina ya wanafunzi, na pembeni ya kila ubeti nimeandika maelezo ambayo wao wenyewe waliyatoa darasani. Afisa Utamaduni yeyote wa kanda hii, au meneja wa kipindi anayetaka kuzisoma, atanikuta shuleni siku za kazi baada ya saa tisa, na nikihitajika Dar es Salaam nitapanda basi la alfajiri kwa nauli yangu mwenyewe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Kiswahili,
Mbeya.